Kiti cha bure, ngazi ya kulipia: kuhusu msimu wa W Series wa 2019



Leo siongei juu ya kitabu wala filamu. Nataka tuchambue msimu mmoja wa mbio za gari kule Ulaya, msimu wa madereva wanaotafuta kupanda, si ule wa mastaa wa Formula 1. Najua kuna mmoja atauliza palepale: "Sasa hiyo inatuhusu nini sisi, watu wa pikipiki na matope?" Inatuhusu sana. Mule ndani kuna swali ambalo karibu kila mhitimu wa huku kwetu amekutana nalo: mtu akikulipia darasa moja, halafu darasa linalofuata akuachilie, amekusaidia ama amekuonyesha mlango tu?

Msimu wenyewe ni W Series ya mwaka 2019, mbio za wanawake peke yao. Neno langu nalisema mapema kusudi mtu asinisome vibaya. Kama mashindano, msimu ule ulikuwa mzuri kuliko wengi walivyotaka kukubali. Kama njia ya kumpandisha mtu, ilikuwa ngazi yenye kidato kimoja.

Kwanza tuelewane juu ya ngazi yenyewe. Mbio hizi zinatumia gari za kiti kimoja: dereva peke yake, hakuna paa, magurudumu yako nje ya bodi. Anayetaka kufika Formula 1 anapanda kama sisi tulivyopanda primaire, secondaire, graduat, licence. Anaanza utotoni na karting, yaani vile vigari vidogo vya chini-chini. Halafu Formula 4, halafu Formula 3, halafu Formula 2, na juu kabisa Formula 1. Kila darasa lina minervali yake, na minervali ile inatisha. Formula 4 ni mamia ya maelfu ya euro kwa msimu mmoja. Formula 3 ya dunia inapita milioni. Na mara nyingi haiko timu inayomlipa kijana, kijana njo analipa timu: baba yake, ama kampuni iliyokubali kuandika jina lake kwenye gari.

Kwa hiyo kabla taa za kuanzia hazijawaka, mchujo mkubwa umeshafanyika, na umefanyika benki. Tunapenda kusema fulani ni dereva bora wa Formula 3 mwaka huu. Neno la haki lingekuwa: ni bora kati ya wale waliopata milioni.

Kwa wanawake mchujo ulikuwa mkali zaidi. Lella Lombardi wa Italia alipata nusu pointi kwenye Grand Prix ya Hispania mwaka 1975. Tangu siku ile mpaka leo hakuna mwanamke mwingine aliyepata hata robo ya pointi katika ubingwa wa Formula 1. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwezi wa kumi 2018, mwanasheria Mwingereza Catherine Bond Muir alitangaza W Series, pamoja na dereva wa zamani wa Formula 1, David Coulthard. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza: tuondoe minervali. Dereva halipi kitu. Anachaguliwa kwa uwezo wake, anapewa gari, anapewa fundi, na mwisho wa msimu kuna zawadi ya jumla ya dola milioni 1.5, bingwa akichukua dola 500,000.

Uchaguzi haukuwa mchezo. Mwezi wa kwanza 2019 madereva zaidi ya 50 waliitwa Melk, kule Austria, wakajaribiwa kwenye baridi na barafu. Wakabaki 28. Hao wakapelekwa Almería, Hispania, ndani ya gari zenyewe za mashindano, wakabaki 18 na wengine wa akiba. Gari zote zilikuwa za aina moja, Tatuus ya kiwango cha Formula 3 yenye injini ya Alfa Romeo. Tena madereva walibadilishana gari kutoka mbio moja hadi nyingine, kusudi asipatikane mtu wa kusema "yule alipewa gari nzuri."

Walipotangaza tu, kelele zilianza. Pippa Mann, mwanamke aliyekwisha kukimbia Indianapolis 500, alipinga hadharani: kuwaweka wanawake pembeni ni kurudisha mchezo nyuma. Wengine walisema wakimbie na wanaume, njo watajulikana kama wanaweza. Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Lakini inasahau jambo moja: mlango wa kukimbia na wanaume ulikuwa wazi kwenye karatasi miaka yote, na waliozuiwa wengi walizuiwa na mfuko. Ukimwambia mtoto asiye na minervali kwamba shule iko wazi kwa wote, hujamwambia uongo, lakini hujamwambia kitu pia.

Sasa mbio zenyewe. Zilikuwa sita: Hockenheim na Norisring (Ujerumani), Zolder (Ubelgiji), Misano (Italia), Assen (Uholanzi) na Brands Hatch (Uingereza). Jamie Chadwick, Mwingereza, alishinda ya kwanza pale Hockenheim, na watu wakaanza kusema msimu umeshakwisha. Haikuwa vile. Zolder alishinda Beitske Visser wa Uholanzi. Misano Chadwick akarudi juu. Norisring, ndani ya jiji la Nürnberg, alishinda Marta García wa Hispania, msichana wa miaka 18. Assen alishinda Emma Kimiläinen wa Finland. Brands Hatch alishinda Alice Powell. Mbio sita, washindi watano. Mwisho wa hesabu Chadwick alikuwa na pointi 110 na Visser 100, na ubingwa ulijulikana kwenye mbio ya mwisho kabisa.

Angalieni njia ya Chadwick. Alishinda mara mbili tu, lakini hakuna mbio hata moja aliyomaliza chini ya nafasi ya nne. Siku ile ya Brands Hatch alimaliza wa nne, akachukua kombe. Kuna walioliita kombe la bahati. Kwangu mimi ule ni ubingwa wa akili: anajua lini kushambulia na lini kuweka pointi mfukoni. Ni kazi ngumu kuliko kukimbia tu.

Lakini mtu ninayemtaka mumwangalie zaidi ni Powell. Mwaka 2010 alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda ubingwa wa Formula Renault. Mwaka 2012 akawa mwanamke wa kwanza kupata pointi kwenye GP3, darasa la chini kidogo ya Formula 2 ya leo. Kisha feza zikakatika, na mtu mwenye karatasi zile akajikuta anasaidia kazi za ujenzi. W Series ilimtoa pale, ikamweka kwenye gari sawa na za wenzake, akamaliza wa tatu kwenye msimu. Kimiläinen pia: aliumia kwenye mgongano wa Hockenheim, akakosa Zolder na Misano, akarudi, akashinda Assen, akawa wa pili Brands Hatch, na bado akamaliza wa tano kwa jumla akiwa amekosa theluthi ya msimu. Hawa hawakufundishwa kuendesha na W Series. Walikuwa wanajua miaka yote. Hapo njo sifa kubwa ya msimu ule: ulionyesha kwamba kipaji kilikuwepo, kimekaa nyumbani kinasubiri mtu wa kulipa mafuta.

Kuna mmoja pia wa upande wetu huu wa Maziwa Makuu. Naomi Schiff alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, baba Mbelgiji na mama Mnyarwanda, akakulia Afrika Kusini. Alikuwa kati ya wale 18. Alimaliza wa 16, na baada ya msimu hakubaki dereva wa kudumu; mwaka uliofuata akawa balozi wa W Series. Leo wengi wanamjua kama mchambuzi wa Formula 1 kwenye Sky Sports. Mwaka 2022 mtu mmoja kwenye mtandao aliuliza huyu ana sifa gani za kuongea juu ya Formula 1, na Lewis Hamilton mwenyewe akasimama kumtetea. Nafasi ya 16 si ya kupigia ngoma. Lakini bila kiti kile cha bure, huenda sauti ile tusingeisikia. Msaada wa elimu una matunda ambayo hayaonekani kwenye bulletin.

Basi kasoro iko wapi? Naziona tatu.

Ya kwanza ni uchache. Kila mbio ilikuwa dakika 30 na mzunguko mmoja wa nyongeza. Piga hesabu: msimu mzima ni kama saa tatu za mashindano. Mwaka uleule Formula 3 ya dunia ilikuwa na mbio 16. Dereva anajifunza kwa kukimbia, kama vile fundi anajifunza kwa kufungua injini. Huwezi kumpa mtu saa tatu kwa mwaka, halafu ukamlinganisha na mwenye mbio 16 na siku nyingi za majaribio.

Ya pili ni karatasi. Kuingia Formula 1 kunahitaji leseni ya juu, na leseni ile inahitaji pointi 40 zinazokusanywa kwenye madarasa ya chini. W Series ya 2019 haikutoa hata moja. Pointi zilikubaliwa baadaye. Sisi tunaelewa haraka: ni kama kusoma kwenye shule ambayo Serikali haijaitambua. Masomo umesoma, kichwani yako, lakini siku ya kuonyesha diploma unabaki umesimama.

Ya tatu njo kubwa: baada ya kombe, unaenda wapi? Dola 500,000 kwetu ni mali ya kujenga mtaa mzima. Kule hazitoshi msimu mmoja wa Formula 3 ya dunia. Ngazi haikubadilika, waliondoa bei kwenye kidato kimoja, vya juu vikabaki na bei ileile. Msimu wa 2020 haukufanyika juu ya Covid. Mwaka 2021 Chadwick akarudi W Series, akashinda. Mwaka 2022 akarudi tena, akashinda tena. Mara tatu bingwa wa darasa moja! Shuleni, mtoto anayerudia darasa ni aliyeanguka. Huyu alirudia darasa juu alikuwa wa kwanza na hakuna aliyelipa darasa la juu. Mwaka 2023 aliondoka kwenda Marekani, kwenye Indy NXT na timu ya Andretti, na 2024 akashinda mbio pale Road America. Kwa hiyo uwezo wa kwenda mbele alikuwa nao. Ulaya ilikosa tu kumpa kidato kinachofuata.

Wandugu, mwezi wa tisa wa mwaka uleule 2019, nchi yetu ilianza gratuité ya primaire katika shule za Serikali. Tunajua ilivyokuwa: watoto walijaa madarasani, wengine wakiwa na umri mkubwa, waliokuwa wamekaa nyumbani wanasubiri kama Powell. Hiyo ilikuwa kazi nzuri na sitaisema vibaya. Lakini mtoto alipomaliza primaire alikuta secondaire bado ni ya kulipia. Mzazi aliyepumua miaka sita akashikwa pumzi mlangoni mwa mwaka wa saba. Ni umbo lilelile la W Series: kiti cha bure, ngazi ya kulipia. Na ukitazama vizuri, anayebaki pale mlangoni mara nyingi ni msichana, maana feza zikiwa kidogo familia nyingi zinaanza na mvulana.

Kuna hatari nyingine ambayo W Series ilikuwa imeibeba tangu siku ya kwanza. Madereva hawakulipa kwa sababu mratibu ndiye aliyelipa kila kitu. Mlipaji alikuwa mmoja. Mwezi wa kumi 2022 feza zilimwishia, mbio za mwisho za msimu zikafutwa, na mwaka uliofuata kampuni ikawa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Viti vyote vilipotea kwa siku moja. Salamabila hatuhitaji profesa kutueleza jambo hili. Mwezi wa tisa 2019, wiki chache baada ya Brands Hatch, kampuni ya Banro ilisimamisha kazi pale Namoya ikitaja ukosefu wa usalama, na si miaka minne ilikuwa imepita tangu mgodi uanze uzalishaji wa kibiashara. Sababu ni tofauti kabisa, sizichanganyi. Lakini matokeo kwa aliyekuwa anategemea mfuko mmoja yanafanana: mwenye mfuko akiondoka, hata aliyefanya kazi vizuri anabaki bila kitu.

Mtu atasema: "Lakini Hamilton mbona alipanda? Hakuwa mtoto wa tajiri." Ni kweli, na mfano wake unanipa haki. Baba yake Anthony alifanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja kusudi mtoto aendelee na karting. Mwaka 1998, Lewis akiwa na miaka 13, McLaren ilimchukua. Angalieni kilichofuata: bingwa wa Formula Renault ya Uingereza 2003, bingwa wa Formula 3 ya Ulaya 2005, akishinda mbio 15 kati ya 20, bingwa wa GP2 2006, Formula 1 mwaka 2007. Kila aliposhinda, darasa lililofuata lilikuwa linamsubiri. Kipaji ni chake, hakuna anayebisha. Lakini McLaren haikumpa zawadi ya mwaka mmoja. Ilimshika mkono karibu miaka kumi, mpaka juu. Powell hakupata mtu wa namna ile. Chadwick alipata kidogo, na kwa kuchelewa.

Haki inataka niseme pia kwamba somo lilisikika. Mwaka 2023 Formula 1 yenyewe ilianzisha F1 Academy, inayoongozwa na Susie Wolff, kwenye kiwango cha Formula 4. Huko dereva alitakiwa kuleta euro 150,000, na Formula 1 ikaongeza kiasi kilekile kwa kila gari. Siyo bure tena, na hilo linaniuma kidogo. Lakini bingwa wa kwanza, Marta García, yule msichana wa Norisring, hakupewa bahasha na mkono wa kwaheri. Alipewa kiti kilicholipiwa kwenye Formula ya Kanda ya Ulaya kwa mwaka 2024, kidato cha juu yake. Mwaka 2024 kila timu ya Formula 1 iliweka jina na rangi zake kwenye gari mojawapo, kwa hiyo walipaji wakawa wengi. Ni mchanganyiko wenye kasoro: mlango umepunguzwa bei tu, haukufunguliwa kabisa. Lakini angalau mtu alikaa akajiuliza, "huyu akishinda, kesho anaenda wapi?" Swali lile W Series ya 2019 haikuwa na jibu lake.

Sasa hukumu yangu. W Series ya 2019 inastahili heshima kwa kitu ambacho hakuna anayeweza kukifuta: kwa msimu mmoja, kwenye gari zilizo sawa, tuliona nani anajua kuendesha bila kwanza kuuliza nani ana feza. Ni jambo adimu katika mchezo huu, na mbio zenyewe zilikuwa tamu. Kosa lake ni kudhani kwamba ukishamwonyesha mtu, dunia itamwita. Dunia haikuita. Bingwa alisimama mlangoni na kombe mkononi, wakamwambia na yeye alete milioni.

Huku kwetu pia hatukosi watu wa kutoa zawadi ya siku moja. Anapigwa picha na mtoto aliyepata asilimia kubwa, anampa sare na madaftari, halafu basi. Mimi sisemi tuzikatae zawadi. Nasema, mtu akija na mpango wa kusaidia watoto wetu, wasichana hasa, tumwulize maswali mawili kabla ya kupiga makofi: akifaulu, darasa la juu nani analipa? Na wewe ukichoka ama ukiondoka, nani anashika mahali pako? Asiye na jibu tumshukuru kwa alicholeta, lakini tusiite ngazi.

Uwanja ni wenu, wandugu. Anayeona nimeikosea W Series haki aje na hoja zake, hasa dada zetu, maana jambo hili linawagusa kuliko linavyonigusa mimi.